Wazee wa Kolwezi: shaba inatoka, nani anabaki kuwatunza?

Mchana na usiku malori yanatoka Kolwezi yakibeba shaba na kobalti kuelekea Kasumbalesa. Kando ya barabara hiyo wanaishi wazee walioacha nguvu zao migodini, na wengi wao leo wanangojea sahani ya mtoto au ya jirani.

Zamani ulezi wa mzee ulikuwa na jina: Gécamines. Kampuni hiyo ya serikali, iliyorithi migodi ya Union Minière iliyotaifishwa mwaka 1967, ilitoa nyumba, hospitali, shule za watoto na unga. Lakini yote hayo yalishikwa na kazi. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, uzalishaji ulianguka na mishahara ikaanza kukatika. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango wa « départs volontaires », uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Walilipwa mara moja tu. Pesa zile ziliisha, uzee ukabaki.

Shida za wazee hazifanani. Mfanyakazi wa zamani mwenye kifua kibovu anahitaji daktari. Mjane anahitaji mtu wa kumsaidia kufuatilia karatasi za marehemu mume wake. Mchimbaji wa mkono aliyevunjika mgongo hana pensheni, maana hakuna aliyemlipia mchango CNSS. Asiyeona au asiyetembea anahitaji mtu wa kumfikia nyumbani. Naye aliyehamishwa kwa sababu mgodi unapanuka katikati ya mji, amepoteza majirani waliokuwa wakimwangalia.

Sheria inawajua. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kulingana na mahitaji yao ya mwili, akili na maadili.

Pesa nazo zimetajwa. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa angalau asilimia 0,3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wanaozunguka mgodi. Tena, asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni ya miji, mitaa, sekta na usultani ambamo mgodi unafanya kazi.

Basi kazi iko mezani, pale wakaaji na kampuni wanapoandika « cahier des charges ». Shule na visima vinaonekana haraka; muuguzi anayezunguka kwa wazee nyumba kwa nyumba hana jiwe la msingi la kuwekwa. Wazee wasipokuwa na kiti katika mikutano hiyo, watasahaulika tena. Na wazee wakisahaulika, mzigo utawarudia watoto wao, ambao wengi wanaishi kwa kuchimba. Nao, kama wazazi wao, watazeeka bila pensheni.