Vanishi Isubiri

Mishahara ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipokawia miezi na miezi, familia nyingi za Katanga ziliuza hata vyombo vya nyumbani. Kwa hiyo kabati la enzi ya Union Minière, kampuni iliyotangulia Gécamines, lililotengenezwa Likasi ikiitwa bado Jadotville, yaani kabla ya 1966, linaweza kuwa limepita mikono mingi kabla ya kufika kwa seremala. Naye, masikini, hukimbilia vanishi nyeusi! Aanze na viungo: avifungue, akwangue gundi ya zamani, atie mpya, akaze kwa mpira wa baiskeli hadi kesho yake. Msasa upite kwa kufuata nyuzi za mti. Mlango uliooza katikati ndio bahati yenyewe, maana mafundi wetu wa shaba ya kugonga, waliozoea kufua sura za wanyama na akina mama wenye mitungi, wangeweza kuujaza kwa bamba moja. Na kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani, kikawa kishikio. Mukula mwingi, mti wetu wa mbao ngumu, umeshapakiwa kwenye malori kwenda China. Na bado mbao ngumu zilizokauka miaka sitini tunazipasua kuwa kuni za kupikia bukari, ugali wetu, kisha tunanunua kabati la chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, linalovimba masika ya kwanza.