Brokoli ya nini, na mchicha unapita mlangoni?

Wandugu, leo sina siasa. Au tuseme ninayo, ila ni siasa ya sufuria.

Jumapili iliyopita nilikwenda Mbagala kumjulia hali mama mkubwa, ambaye mwezi mmoja nyuma aliambiwa ana sukari na presha. Nikamkuta barazani na sahani ya wali mweupe, mchuzi kidogo pembeni, mboga ya majani hakuna.

"Shikamoo mama. Mboga iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mboga niliyoandikiwa bado sijapata hela ya kuinunua."

Akaingia ndani, akatoka na karatasi aliyopewa katika hospitali moja hapa mjini, jina nalihifadhi. Juu imeandikwa: vyakula vinavyoruhusiwa. Ya kwanza brokoli. Inafuata asparaga, zukini, kitu kimeandikwa "kale", halafu bluberi. Mchicha haumo. Matembele hayamo. Kisamvu ndiyo usiseme.

"Hii brokoli niliambiwa iko supamaketi," akasema. "Nikapanda daladala mbili kwenda kuitafuta. Nilipoona bei nikairudisha. Na hii kale, ndiyo mboga za zamani?"

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Kwa sababu mama yule amesoma mpaka darasa la saba, anasoma vizuri kabisa, na alielewa kile ambacho wewe na mimi tungeelewa: kisichoandikwa hakiruhusiwi. Kwa mwezi mzima, kila asubuhi dada wa mchicha alipita na beseni lake kichwani akiita, na mama mkubwa akamwacha apite.

Jumatatu nikarudi naye hospitalini. Muuguzi akashangaa: "Mchicha? Mbona unaruhusiwa sana tu! Nani kamkataza?"

Karatasi yenu, dada. Karatasi yenu ndiyo iliyomkataza.

Sasa kabla hatujamrukia muuguzi, tujitazame sisi. Karatasi ile haikuandikwa Mbagala. Inanukia intaneti: mtu kaichukua ilivyo, katafsiri nusu, nusu kaiacha. Na aliyefanya hivyo ni mtu kama sisi, mwenye shahada yake ukutani. Mimi mwenyewe simo nje ya lawama. Niliwahi kuandika makala ya vyakula kumi bora kwa afya, brokoli nikaiweka namba moja. Siku hiyo nilikuwa sijawahi hata kuionja. Hiyo ndiyo kasumba ninayoisema.

Haya, tumtazame huyu mgeni wa heshima na ukoo wake. Wataalamu wa mimea wanaiita Brassica oleracea. Kabichi je? Brassica oleracea. Koliflawa? Brassica oleracea. Sukuma wiki? Brassica oleracea. Ni mmea wa aina moja, ambao wakulima wa karne nyingi waliuchagua kwa tabia tofauti: kwa kabichi walitaka majani yaliyojifunga, kwa sukuma wiki majani yaliyo wazi, kwa brokoli maua ambayo bado hayajachanua. Na ile "kale" iliyomchanganya mama mkubwa ni jina la Kiingereza la kundi hilo hilo la sukuma wiki! Yaani kwenye karatasi ile mboga ya fungu ya gengeni ilikuwemo, imevaa suti tu.

Brokoli ni mboga ya Waitaliano. Wahamiaji wao waliibeba mpaka Marekani, na miaka ya 1920 wakulima wenye asili ya Italia wakaanza kuilima California kwa biashara. Hawakuona haya kula cha kwao mbele ya wageni, na leo dunia nzima inakula. Hata huko ilikopata umaarufu si wote wanaoipenda: mwaka 1990 rais wao, George H. W. Bush, alitangaza hadharani kwamba yeye ni rais na brokoli hali tena. Wakulima wa brokoli wakamjibu kwa kupeleka shehena ya mboga hiyo Washington. Sasa mwenye nchi anaikataa kwa raha zake, halafu sisi tunamnyima mgonjwa mchicha kwa ajili yake?

Mtaniambia: "Lakini brokoli ina virutubisho." Ninakubali, ni mboga nzuri. Tuweke namba mezani, za Wizara ya Kilimo ya Marekani, msije mkasema nimezipika mwenyewe. Gramu 100 za brokoli mbichi zina kalsiamu miligramu 47 hivi. Mchicha mbichi, uzito huo huo: 215. Sukuma wiki: 232. Madini ya chuma, brokoli 0.7, mchicha 2.3. Kwenye vitamini C brokoli inatushinda, 89 kwa 43 za mchicha. Sawa. Lakini pilipili hoho ya kijani ina 80. Katia hoho moja kwenye sukuma wiki, dakika ya mwisho, tuone nani anamwonea nani huruma.

Nisiwe mwongo: mchicha una oksaleti, ambazo huuzuia mwili kuchukua kalsiamu yote iliyomo. Ndiyo maana hatuli mchicha peke yake mwaka mzima. Leo mchicha, kesho sukuma wiki, keshokutwa majani ya maboga. Bibi zetu walifanya hivyo bila karatasi ya mtu.

Na kwa mnaopika kwa kufuata vitabu, mkikuta "brokoli" msifunge kitabu. Jiulizeni inafanya kazi gani kwenye sufuria. Kama ni ya kukaanga chapuchapu na tangawizi na vitunguu saumu, inatafutwa ile hali ya kutafunika: weka maharage mabichi, kabichi iliyokatwa vipande vikubwa, au mabua ya chainizi kwanza na majani yake mwishoni. Kama ni ya kuoka au kuchoma, koliflawa inafaa, na bamia nzima zilizopakwa mafuta zinafaa vilevile. Kama ni supu ya kusaga, majani ya maboga yanatoa supu nzito ya kijani. Kama mnautaka ule uchungu wa mbali, mgagani mnaujua? Nao ni jamaa wa mbali wa ukoo wa kabichi, na una kemikali za kundi lile lile ambalo brokoli inasifiwa kwalo. Kisamvu tu ndicho hakina haraka: lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri, maana kibichi kina sumu ya sianidi.

Ila na sisi tuache kuzitesa mboga. Mtu anachemsha mchicha mpaka unakuwa kama matope, anamwaga maji, halafu analalamika mboga zetu hazina kitu. Vitamini C imekwenda na maji yale. Magadi nayo yanalainisha haraka, lakini yanaiua vitamini hiyo na yanaongeza sodiamu, na mwenye presha sodiamu ndiyo anayoikimbia. Katakata, pika kwa muda mfupi, tia karanga au tui kidogo. Mafuta hayo yanausaidia mwili kuchukua vitamini A.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo naiheshimu. Wanasema mboga za mjini ni chafu. Ni kweli kuna tatizo: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga zilizolimwa kandokando ya mto Sinza na mto Msimbazi na kukuta madini mazito kama risasi. Lakini dawa ya hilo ni wakulima kupata maji safi na viwanda kuacha kumwaga uchafu mtoni. Hapo ndipo kelele zetu zielekee. Ukihamia kwenye brokoli umejiokoa peke yako. Mbagala inabaki inakula risasi.

Wala sina ugomvi na mkulima wa Lushoto anayelima brokoli, apate faida yake. Mboga ile inapenda baridi na inaharibika upesi kwenye joto, ndiyo maana ikifika Dar bei inakuwa ile. Mwenye hela aile. Ugomvi wangu ni na anayemwambia asiye na hela kwamba bila hiyo hana afya.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wanaojua thamani ya mboga hizi wako hapa hapa. Tengeru, Arusha, kuna kituo cha World Vegetable Center tangu mwaka 1992, kinachotunza mbegu za mboga za Kiafrika: mnafu, mgagani, mchicha wa aina kwa aina. Kenya yuko Profesa Mary Abukutsa-Onyango, ambaye utotoni mwili wake haukupatana na samaki, maziwa wala mayai, akakulia kwenye mboga hizi, na ukubwani akazifanya kazi yake ya utafiti. Mwaka 2015 jarida la Nature liliandika makala ndefu kuhusu mboga zetu. Wao wanazisoma Nature, sisi tunazisoma wapi?

Kwa hiyo rai yangu ni ndogo. Wewe unayefanya kazi hospitali, chukua karatasi hiyo mnayogawa, futa asparaga, andika mchicha, matembele, chainizi, majani ya maboga. Ni kazi ya nusu saa. Wewe mwandishi mwenzangu, kabla hujanakili "vyakula kumi bora", toka nje ukaone gengeni kuna nini. Na wewe mwenye mzazi mwenye sukari, kamuulize leo: wamekuandikia nini, na umeacha kula nini?

Mama mkubwa mimi nimemwandikia karatasi mpya, muuguzi akaipitia na kuikubali. Juu kabisa nimeandika "mboga za kale". Kumbe alikuwa ameielewa vizuri kuliko waliomwandikia.

Mnasemaje wandugu?