Njia ya Dharura si Uwanja wa Mzaha



Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu wasomaji. Wiki hii twawaalika mtazame juu kidogo, kwenye anga wanamopita jamaa zetu wanaporuka kutoka Mombasa, Lamu na Malindi kwenda Nairobi, na kutoka Nairobi kwenda Jeddah na Muscat. Tunataka kuzungumzia masafa ya redio ya dharura, na namna baadhi ya marubani wanavyoyachezea. Huenda mama mwenye jiko na watoto akauliza, redio ya rubani inamhusu nini? Tuvumilianeni, kwani mazungumzo haya yatashuka mpaka kwenye simu iliyo mkononi mwake.

Ndege kubwa huwa na redio zaidi ya moja. Kwa redio ya kwanza rubani huzungumza na mwongoza ndege wa eneo analopita, na kila avukapo mpaka wa eneo hupewa masafa mapya. Redio nyingine aghalabu huachwa wazi kwenye masafa ya megahezi 121.5. Hayo ndiyo masafa ambayo dunia nzima imekubaliana yawe ya dharura. Hayana mmiliki, na kila arukaye ana haki nayo. Rubani aliyezimikiwa na injini, aliyepotea njia au aliyekatikiwa na mawasiliano huita humo, na yeyote aliye karibu, wa ndege ya Kenya au ya Oman, humsikia. Pasipokuwa na shida hapatakiwi kusikika neno. Thamani yake yote i katika ukimya wake. Manahodha wetu wanalo la kulinganisha nalo: chaneli ya 16 ya redio ya baharini, ambayo kila chombo hutakiwa kuisikiliza na si ya kupigia soga.

Hata neno la kuombea msaada lilichaguliwa kwa uangalifu. Rubani aliye hatarini husema “meidei” mara tatu. Neno hilo lilibuniwa katika miaka ya 1920 na Frederick Mockford, afisa wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon, London, akilitoa katika Kifaransa kwa maana ya “nisaidieni”. Hurudiwa mara tatu ili msikiaji asibaki na shaka kwamba huyu ana shida kweli.

Basi mtazame binadamu. Kwa miaka mingi sasa, hasa katika anga la Marekani, wamesikika marubani wakilia kama paka kwenye masafa hayo. Mmoja hulia nyau, wa pili humjibu, wa tatu akacheka. Wengine humvizia mwenzao aliyebonyeza redio isiyokuwa kwa bahati mbaya, kisha humkemea kwa ukelele mrefu wa kebehi, hata kemeo likachukua muda mwingi kuliko kosa lenyewe. Hawa si watoto wa mtaani. Ni watu wazima wenye vyeti na mistari ya dhahabu mabegani, na nyuma ya migongo yao wameketi abiria waliowakabidhi roho zao.

Nini humfanya mtu wa heshima kama huyo alie kama paka? Jawabu ni jepesi, nalo linatisha. Kwenye masafa ya kawaida lazima ataje jina la safari yake kila anapozungumza, kwa hiyo huzungumza kwa adabu. Kwenye masafa ya dharura anaweza kubonyeza, akasema, akanyamaza, na asijulikane ni nani. Redio haina uso. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya ujuzi na uaminifu. Ujuzi hupimwa na mtahini aliyeketi kando yako. Uaminifu hupimwa mahali ambapo hapana mtahini isipokuwa Yule asiyefichwa na kitu.

Na madhara yake ni mawili. La kwanza, redio hizi hazibebi sauti mbili kwa pamoja. Wakisema watu wawili kwa wakati mmoja, wasikilizaji hupata mkwaruzo tu, na mwenye shida akafunikwa na mwenye mzaha. La pili ni baya zaidi kwa kuwa halionekani: sikio huchoka. Rubani aliyesumbuliwa na kelele safari nzima hushawishika kupunguza sauti ya redio ile, na siku atakapoitwa yeye, hatasikia.

Sikio likiondoka kazini, yanayofuata yanajulikana. Tarehe 21 Oktoba 2009, ndege ya Northwest iliyotoka San Diego kwenda Minneapolis, ikiwa na abiria 144, haikujibu redio kwa zaidi ya saa moja. Ikaupita mji iliokuwa ikienda kwa zaidi ya kilomita 200. Marubani wake walisema walizama katika kompyuta zao. Walinyang’anywa leseni. Abiria walishuka salama, lakini salama ile haikutokana na uangalifu wa waliopewa amana.

Tukirudi kwetu, watu wa Pwani wengi waujua uwanja wa Wilson, ulio kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji la Nairobi, jirani na Lang’ata. Umeitwa kwa jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha shirika lake la ndege mwaka 1929. Hapo ndipo zinapoondokea ndege nyingi ndogo za kuja Lamu na Diani, na hapo hapo wanafunzi wa urubani hujifunza kupaa na kutua. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya Safarilink iliyokuwa ikija Diani na watu 44 ilikuwa ndiyo kwanza imepaa iligongana na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna. Ndege ile ndogo ilianguka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na mwalimu na mwanafunzi wake wakafariki. Ndege ya abiria iligeuzwa ikarudi Wilson, na wote 44 wakashuka wazima. Kutaja sababu ni kazi ya wachunguzi. Sisi twataka msomaji azingatie jambo moja: katika dakika zile, baina ya kishindo na kutua, maisha ya watu yalikuwa katika mikono iliyotulia na maneno machache yaliyo wazi. Hapakuwa na nafasi ya nyau.

Na kengele ya uongo ina gharama hata pale isipoua mtu. Mombasa yakumbuka tarehe 20 Disemba 2015, usiku wa manane, ndege ya Air France iliyotoka Mauritius kwenda Paris ilipoomba kutua kwa dharura katika uwanja wa Moi. Ilikuwa na abiria 459 na wahudumu 14. Chooni mlikuwa mmeonekana kitu kilichodhaniwa kuwa bomu. Kilipopasuliwa ikawa ni maboksi, karatasi na saa ya kupimia muda ya jikoni. Tarehe 12 Oktoba 2023, ndege ya Kenya Airways iliyoondoka Nairobi kwenda London ilisindikizwa na ndege za kivita za Uingereza ikateremshwa Stansted, kwa sababu ya tishio ambalo halikuonekana na ukweli. Wangapi walishika mioyo yao ndani ya ndege hizo, na wangapi waliokuwa wakiwangojea? Wahenga wamesema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Nairobi ni mji uliofundishwa thamani ya mwito wa kweli kwa machozi. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu katika ubalozi wa Marekani katikati ya jiji liliua zaidi ya watu 200. Tarehe 21 Septemba 2013, upande wa magharibi, huko Westlands, jengo la Westgate lilivamiwa na watu 67 wakauawa. Siku ile Abdul Haji, kijana wa Kiislamu ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, alipokea ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa nduguye aliyekuwa amenaswa ndani. Hakuuliza kama ni mzaha. Alikwenda, akaingia, akasaidia kuwatoa watu asiowajua, wa dini mbalimbali. Tujiulize: lau nduguye angekuwa mtu wa kutuma jumbe za kutisha kila wiki kwa ajili ya kicheko, je, angekwenda kwa haraka ile?

Sasa tumefika kwenye simu iliyo mkononi mwako, mama. Kila nyumba ina masafa yake ya dharura. Polisi hupatikana kwa 999 na 112, Msalaba Mwekundu kwa 1199, mtoto aliye katika dhiki kwa 116, na mwanamke anayepigwa au kudhulumiwa kwa 1195. Nambari ya 112 hupigika hata simu ikiwa imefungwa, na ndiyo sababu mtoto akiachiwa simu achezee huweza kuipiga. Hebu mfikirie mwanamke aliyejifungia chooni saa nane ya usiku, mume anagonga mlango kwa hasira, naye anapiga simu na upande wa pili unashughulishwa na kijana anayecheka na wenzake barazani. Yule kijana hataona damu wala hatasikia kilio. Lakini dhuluma ameishiriki.

Kwa hiyo twawausia mambo matatu.

Kwanza, wafundisheni watoto nambari hizi kama mnavyowafundisha majina ya babu zao, na muwafundishe pamoja nazo kwamba hazichezewi. Mtoto ajue kuzitumia, na ajue kuziheshimu. Moja bila ya jingine halifai.

Pili, tuangalie makundi yetu ya WhatsApp. Habari ya mtoto aliyepotea, mgonjwa anayehitaji damu au mtu aliyetekwa ni mwito wa dharura. Anayesambaza bila ya kuhakikisha, au anayesambaza habari ya miaka mitatu iliyopita kana kwamba ni ya leo, anawachosha watu masikio. Siku mtoto wa jirani atakapopotea kweli, watu watapitisha kidole tu. Hali ni hiyo hiyo kwa kipaza sauti cha msikiti, ambacho mtaa mzima hukisikiliza kwa kuwa hakisemi ovyo.

Tatu, na hili ni letu sisi wazazi. Imekuwa desturi katika baadhi ya nyumba kumwita kijana aliyeko Nairobi kwa uongo: “Mamako yu mahututi, njoo leo.” Kijana huacha kazi yake Westlands au Kawangware, akakopa nauli, akapanda basi la usiku moyo ukimdunda, akifika akamkuta mama anakuna nazi na kuna posa inamngojea. Watu hucheka, wakasema ni hila ya mapenzi. Sisi twasema ni nyau kwenye masafa ya dharura. Siku mama atakapokuwa mahututi kweli, mwana atasema, “Nawajua hawa,” naye atalala mpaka asubuhi. Akija, atakuta watu wamekwisha rudi makaburini, na lawama yake hataibeba peke yake.

Rubani mwema huacha masafa ya dharura yakae kimya safari nzima, miaka nenda miaka rudi, pengine asiyatumie hata mara moja maishani mwake. Kimya kile ni ibada ya kazi yake, kwani humtunzia nafasi mtu asiyemjua. Nasi tuzitunze njia za dharura za nyumba zetu kwa namna hiyo, ili mwenye shida aitapo apate mtu wa kumwamini na kumwendea.

Mola awahifadhi wasafiri wetu angani, baharini na nchi kavu, na azijaalie ndimi zetu ziaminike. Wabillahi tawfiq.