Saa 24 ni zao, si za mama



Kuna uongo mmoja umekaa kwenye kaunta za polisi nchi hii mpaka sisi wenyewe tumeuamini. Ule wa "ngojeni saa 24 zipite kwanza."

Nimeusikia kwa masikio yangu. Nilimsindikiza mama mmoja kituoni. Kijana wake alitoka kwenda kuswali Isha, hakurudi, simu imezimwa. Afande hakufungua hata kitabu. "Mama, nenda nyumbani. Vijana unawajua, pengine yuko kwa msichana. Asipoonekana kesho, njoo." Tulipotoka nje mama akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo sheria hiyo?" Na mimi na diploma yangu nikanyamaza. Sikuwa najua.

Si sheria. Hakuna sheria Kenya inayosema mzazi angoje saa 24 ndipo aripoti mwanawe amepotea. Saa 24 ziko kwenye Katiba, Kifungu cha 49, na wala hazimhusu mama. Zinawahusu polisi: ukimkamata mtu, umfikishe kortini ndani ya saa 24, au zikiishia wikendi, siku ya korti inayofuata. Sasa angalia mchezo. Wamezichukua saa zao wenyewe wakambebesha mama. Yeye anangoja, wao hawangoji.

Na hizo saa za mwanzo ndizo zenye kila kitu. Kamera ya duka la kona bado ina picha. Mtu wa boda bado anakumbuka gari lilielekea wapi. Kama kijana amebebwa na watu wasiovaa sare, bado hajahamishwa kaunti nyingine. Kesho yake unaandika OB ya nini?

Sisi haya hatukuyajua jana. Mwaka 2016 Human Rights Watch walitoa ripoti ya visa visivyopungua 34 vya watu waliochukuliwa na vikosi vya usalama Nairobi na Kaskazini Mashariki, wasijulikane walipo. Tukipiga kelele tukaambiwa hayo ni mambo ya kina fulani. Ilipofika 2024, baada ya maandamano ya Juni, vijana wa kila dini na kila kabila wakaanza kubebwa, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu 82 kufikia Disemba. Ghafla nchi nzima ikajua neno "kutekwa." Karibuni. Sisi tulikuwa hapa.

Wapo wenzetu watasema, "Sheria ziko tele, shida ni utekelezaji." Nusu kweli. Korti unaweza kwenda na kudai mtu wako aletwe, hai au maiti. Hiyo haki Katiba inasema haipunguzwi kwa sababu yoyote. Lakini polisi wanajibu vipi? Wanaandika hati ya kiapo: hatuko naye. Basi. Hakuna rejista moja ya nchi nzima ambayo jaji anaweza kuifungua akaona nani yuko seli gani usiku huu. Sheria ya watu waliopotea yenyewe hatuna. Kosa la jinai linaloitwa kumpoteza mtu kwa nguvu hatuna. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu jambo hili Kenya iliutia saini tarehe 6 Februari 2007, kisha ikauweka kabatini bila kuuridhia. Ufilipino walitunga sheria yao 2012, na ndani yake kila kituo lazima kiwe na rejista ya waliozuiliwa ambayo jamaa wanaweza kuikagua. Sisi tunangoja nini?

Halafu mochari. Januari 2022 habari za miili iliyoopolewa Mto Yala, kule Siaya, zilitutikisa sote. Mingi haikuwa na jina. Na kila mtu mzima nchi hii alipigwa alama za vidole siku aliyochukua kipande! Serikali ina vidole vyetu vyote, lakini ni mama anayezunguka mochari moja hadi nyingine akifunuliwa shuka. Ingekuwa ni lazima kisheria kila mwili usiojulikana upigwe alama na kulinganishwa na ripoti za waliopotea, huo mzunguko ungeisha.

Na kuna mtu hatumtaji kabisa: mke. Sheria ya Ushahidi inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 ndiyo adhaniwe amekufa. Kwenye fiqhi anaitwa mafkudi, na wanavyuoni wamehitilafiana. Wako wanaosema angojewe miaka minne. Katika hiyo miaka yote dada yetu hajui kama akae eda au apike chakula cha watu wawili. Mirathi haigawiwi, akaunti ya benki haifunguki, karo ya watoto inatoka wapi? Akienda kwa kadhi anaulizwa ushahidi kwamba mume alipotea lini. Na ushahidi wa kwanza ni ile OB ambayo afande alikataa kuiandika.

Atakayeniambia "wengine ni magaidi," nitamjibu hivi. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inawapa polisi nafasi ya kuiomba korti siku za ziada. Korti ya Kahawa ipo kwa kesi hizo hizo. Mwenye ushahidi ana mlango mpana. Anayembeba mtu usiku kwa gari lisilo na namba ameukimbia mlango huo mwenyewe.

Kwa hivyo wiki hii, msaka mbunge wako. Yule aliyefutari nawe akipiga picha. Muulize swali moja tu: yuko tayari kuleta mswada unaomlazimisha afisa kuandika ripoti ya mtu aliyepotea papo hapo, na unaomwadhibu akikataa? Jibu lake liandike hapa kwenye komenti pamoja na jina la eneobunge. Na mkienda kituoni, msiende peke yenu, msikubali kuambiwa mngoje, na msitoke bila namba ya OB.