Bajia za Sembe

Juma hili natuingie jikoni na unga wa sembe. Wengi wetu twaujua kwa ugali na uji tu, na kumbe bajia zake hupendeza sana zikiliwa pamoja na samaki wa kukaanga au mchuzi wa pweza. Mama wa Kendwa, ambaye samaki humfikia wangali wabichi kutoka ngalawani, aweza kuzipika bila ya gharama kubwa.

Tayarisha unga wa sembe vikombe 2, tui vikombe 2, unga wa ngano nusu kikombe, yai 1, kitunguu 1 kilichokatwa vidogo vidogo, pilipili mbichi, chumvi kijiko 1 cha chai, na mafuta ya kukaangia.

Sembe haina mvutano kama wa ngano. Ukiikoroga kwa maji baridi na kuitia karaini, bajia humeguka. Kwa hiyo chemsha tui, ulimimine juu ya sembe, koroga upesi, kisha funika kwa dakika 15. Unga utafura na kushikamana. Ukipoa, tia yai, ngano, kitunguu, pilipili na chumvi. Usitie yai unga ungali wa moto, maana litaiva kabla ya wakati wake.

Mafuta yakisha kupata moto, dondosha tone moja la unga. Likipanda juu mara moja likitoa mapovu, anza kazi. Chota kijiko kijiko, geuza, na epua zikiwa na rangi ya dhahabu. Zichuje mafuta, uandae zingali moto.

Sasa, mama, kuna jambo kubwa kuliko mapishi. Mahindi mengi tulayo Unguja hutoka bara, na hewa ya pwani ina unyevu, hasa wakati wa masika. Unga uliokaa sana hupata uvundo, na mama huona uchungu kuutupa. Hufikiri kwamba kitunguu, pilipili na mafuta ya moto vitaumaliza. Harufu itafichika kweli, lakini sumu itabaki.

Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Hutoka katika ukungu uotao juu ya nafaka, nayo hudhuru ini. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 maradhi hayo yaliua watu Dodoma na Manyara. Moto wa karai hauiondoi, wala kuchekecha, wala kuanika unga juani. Wala usiwape kuku unga huo, kwani nao huwadhuru.

Tena, sumukuvu yaweza kuwamo katika unga usionuka. Ndiyo maana kinga huanzia dukani na ghalani. Nunua unga wa siku chache, si gunia zima. Utie katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu. Ukinunua mahindi ya kusaga, yachambue kwanza, utupe yaliyooza, yaliyobadilika rangi na yenye ukungu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kibaba cha unga kilichotupwa chaweza kununuliwa tena kesho. Afya ya mtoto haiuzwi dukani.