Jeraha Lisilotoka Damu

Kijana, usidanganyike. Mtu akitoka kwenye mlipuko bila damu, usiharakishe kusema "yuko sawa." Bomu likilipuka, linasukuma hewa kwa kasi inayopita ya sauti. Wimbi hilo linafika mpaka kwenye ubongo bila kuacha alama usoni. Baadaye ndio unaona: kichwa kinauma, usingizi hakuna, anasahau, anakasirika ovyo.

Januari 2020, makombora ya Iran yalipiga kambi ya Al Asad, Iraq. Mwanzo Marekani ikasema hakuna mwanajeshi wake aliyeumia. Trump naye akasema eti ni maumivu ya kichwa tu. Mwishowe zaidi ya 100 wakakutwa na jeraha la ubongo. Na hao walionywa mapema, walikuwa na mahandaki, walikuwa na madaktari.

Sasa hebu niambie: mtoto wa Gaza, ambaye ubongo wake bado unakua, nani atampima? Hospitali zenyewe zimepigwa mabomu. Kama hana bandeji, nani atamhesabu kuwa majeruhi?

Basi ukisomewa idadi ya majeruhi kwenye habari, usinyamaze. Uliza: mmehesabu vichwa vya nani?