Lumbesa na Sadaka

Mwenye kutaka kuijua hali ya imani katika bonde la Kilombero asianze kwa kuhesabu makanisa. Makanisa ni mengi, na huzidi mwaka hata mwaka. Na aende Ifakara wakati wa mavuno ya mpunga, asimame karibu na malori ya wanunuzi, atazame gunia linavyojazwa. Gunia likifika mdomoni halishonwi. Huongezwa kilemba juu yake, kikafungwa kwa kamba, likatuna kama nundu ya ng'ombe. Na bei yake ni ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo imeikataza, na kila aifungaye ajua kwamba imekatazwa. Jumapili ikifika, aliyepunja na aliyepunjwa hukaa katika ibada moja, huitikia wimbo mmoja, na bahasha ya yule wa kwanza husifiwa kwa unene wake.

Hunenwa mara nyingi kwamba ulimwengu wa leo umeipenda mali ukamwacha Mungu. Kauli hiyo ni nyepesi mno, tena si kweli kwa Kilombero. Watu wa bonde hili hawakumwacha Mungu hata kidogo; humtaja asubuhi, jioni na juu ya vioo vya mabasi yao. Walichoacha ni kuuliza mali imetoka wapi. Wengine hawakuliacha swali hilo kwa kusahau, bali wamefundishwa kuliacha, na mafundisho hayo yametoka mimbarini.

Yapo mahubiri siku hizi yasemayo kwamba mali ni cheti cha imani, na kwamba aliye maskini ana kasoro katika sala zake. Mwumini huambiwa apande mbegu, yaani atoe fedha, naye atavuna maradufu. Ni ajabu kwamba maneno hayo yamepata masikio katika nchi ya wakulima. Mndamba na Mpogoro wajua mbegu ni nini. Wajua kwamba mbegu hupandwa katika shamba la mwenyewe, si la mtu mwingine. Kwamba baada ya kupanda kuna palizi. Kwamba mtu huhama nyumba yake akakaa miezi katika dungu shambani, awafukuze ndege tangu alfajiri. Na kwamba baada ya yote hayo mafuriko yaweza kuja usiku mmoja yakachukua kila kitu, bila ya mkulima kuwa na dhambi kuliko jirani yake aliyelima mahali pa juu. Mhubiri wa mbegu zisizo na palizi angechekwa na mtoto wa miaka kumi kama angesema habari za mpunga. Lakini amesema habari za fedha, akaaminiwa.

Imani ya namna hiyo imekwisha kuua watu. Tarehe 1 Februari 2020, katika mji wa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani walipokuwa wakikimbilia kuyakanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa na upako. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wenye shida, ambao wameambiwa kwamba baraka ni kitu kichache, na kwamba humpata anayewahi. Mtu akishaamini hivyo, mwenziwe aliye mbele yake amekuwa kizuizi. Kutoka hapo hadi lumbesa si safari ndefu.

Hata hivyo makanisa ya zamani yasijitie kiburi. Misheni ya Kwiro, juu ya milima ya Mahenge, ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1902. Na kuanzia mwaka 1921 kazi ya nchi hiyo ilishikwa na Wakapuchini wa Uswisi pamoja na masista wa Baldegg. Walileta dawa, shule, useremala na nguo. Mtu akabatizwa, na njia ya ubatizo ikawa pia njia ya kalamu, na njia ya kalamu ikawa njia ya mshahara. Maia Green, mtaalamu Mwingereza wa elimu ya jamii, katika kitabu alichotoa mwaka 2003 juu ya Ukristo wa Wapogoro, ameonyesha jinsi misheni ilivyokuwa tajiri na bwana wa watu wake. Ukweli huo unauma, lakini hauna budi kukubaliwa. Wahubiri wa upako hawakuleta jipya kabisa. Walikuta watu waliokwisha kujifunza kwamba palipo na msalaba pana pia bati na bohari. Na hata leo katika parokia za heshima majina ya watoaji husomwa kwa kufuata ukubwa wa kiasi, na mjane hutajwa mwisho, ama hatajwi.

Sasa msomaji aliyeelimika atauliza: Kama ndivyo, dini ni ya kazi gani? Bonde lahitaji barabara na madaraja, si mahubiri. Hoja hii ina nguvu, wala haistahili kudharauliwa kwa maneno ya utakatifu. Reli ya TAZARA ilipoanza kazi yake mwaka 1976, mwanamke wa Mlimba aliweza kuuza ndizi na mpunga mbali na kijiji chake. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, lilipofunguliwa mwaka 2018, mgonjwa wa Ulanga hakungoja tena kivuko ndipo afike Ifakara. Tena kuna chandarua. Vyandarua vyenye dawa vilipouzwa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga katika miaka ya 1990, watafiti walipima, wakatangaza mwaka 2001 kwamba uwezekano wa kuishi kwa watoto wadogo waliolala ndani yake umezidi kwa asilimia 27. Chandarua ni kitu. Kilinunuliwa kwa fedha. Mkristo anayesema vitu ni takataka na aende akamwambie hivyo mama wa mtoto aliyepona.

Lakini daraja lile lile lililompitisha mgonjwa hulipitisha lori la lumbesa, wala halijui tofauti. Hapo ndipo hoja ya msomi inapokwama. Kitu hakiwezi kumwambia mtu kinatosha lini. Mwenye baiskeli hutaka pikipiki, mwenye pikipiki hutaka gari, na mwenye gari huuza shamba la urithi ili apate la pili. Kisha mwanawe humwuliza atalima wapi.

Katika Injili ya Luka, sura ya 12, kuna mfano wa tajiri aliyevuna sana, akaazimia kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, naye akafa usiku ule ule. Aghalabu mfano huo huhubiriwa kana kwamba kosa lake lilikuwa kuvuna. Kuvuna si kosa, la sivyo Kilombero yote ingekuwa motoni. Mtu akiusoma polepole ataona jambo jingine: tajiri yule hasemi na mtu yeyote ila nafsi yake. Hamna kibarua katika maneno yake, hamna jirani wala mke. Amevuna shamba zima kana kwamba mikono yote ilikuwa yake. Upweke huo ndio umaskini wake, na ghala kubwa lingeuzidisha tu.

Zakayo, katika kitabu kicho hicho, alifanya kinyume. Hakutoa sadaka kubwa akashangiliwa. Alikiri kwamba kuna watu aliowapunja, akaahidi kuwarudishia mara nne. Furaha ya nyumba yake ilianza katika hesabu za madeni. Jambo hili Waislamu wa Ifakara hawahitaji kufundishwa na mtu, maana katika Kurani sura nzima imepewa jina la wapunjao vipimo. Mwalimu Nyerere naye, Mkatoliki aliyesali kila siku, aliwaambia masista wa Maryknoll huko Marekani mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiloshiriki katika kupinga mipango inayowafanya watu kuwa maskini litaonekana kuwa upande wa wadhalimu. Wengi humsifu kwa hotuba hiyo, mizani hawaigusi.

Mtu atakaye kuona utoshelevu na amtazame mtu asiyehubiriwa sana: katekista wa kijijini. Malipo yake ni haba au hayapo. Majira ya kilimo, watu wakihamia madunguni, huwafuata kwa baiskeli katika tope, akawasomea, akazika wafu wao, akasuluhisha ugomvi wa mpaka wa majaruba. Au na awakumbuke wauguzi wa Nazareti, pale Ifakara, waliofunga vidonda vya wenye ukoma wakati ndugu zao wenyewe waliwaogopa. Hawa hawakuchukia vitu. Bandeji ni kitu, na dawa ni kitu. Vitu vilipita mikononi mwao vikienda kwa mtu mwingine, na katika mwendo huo maisha yao yalipata maana ambayo hakuna lori liwezalo kuileta wala kuichukua.

Mfanyabiashara Mkristo atajibu kwamba akiacha lumbesa peke yake, mwenziwe atainunua, naye atafilisika bila ya kumfaa mkulima. Asema kweli. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja na padre wake katika kitubio. Jumuiya ndogo ndogo zipo tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoziamua katika miaka ya 1970. Hukutana kila juma, huchanga kwa ajili ya harusi, misiba na jubilei. Zaweza kununua mizani. Zaweza kuwakopesha wanachama wao fedha katika miezi ya njaa, ili mpunga usiuzwe ungali mchanga shambani kwa bei ya dhiki. Zaweza kukataa sadaka ya mtu ajulikanaye kwa kupunja mpaka amewarudishia aliowapunja, na kulitangaza katazo hilo kwa sauti ile ile inayotumika kutangaza michango.

Vijana wa Kipaimara huulizwa amri kumi, nao hujibu bila ya kukosea. Gunia lina kilo ngapi hawajaulizwa bado, na mavuno huanza mwezi wa Mei.